Tulivyojifunza Kusimama, Mimi na Mama Mkwe

Mama mkwe wangu alianguka akienda kumfokea kuku. Nasema kumfokea, si kumlisha, kwa sababu nyumbani kwetu kulisha kuku ni kazi yangu na kuwafokea ni yake. Kuku alikuwa ameingia kwenye sukuma wiki. Mama akatoka jikoni kwa mwendo wa mtu mwenye haki, akageuka ghafla penye kona ya tangi la maji, na miguu ikakataa kugeuka pamoja naye. Kuku hakupata hata mkwaruzo. Mama alivunjika kifundo cha mkono.

Kule Meru mjini walimtia plasta, na siku ya kuitoa daktari akasema mfupa umeunga vizuri sana. Kisha akamwomba atembee kutoka kitandani hadi mlangoni. Mama akatembea, akishika kila kitu alichokipita: kitanda, kiti, pazia, na mwishowe koti la daktari mwenyewe. Daktari akasema shida haikuwa mkono tena. Shida ni kwamba mama huyu ataanguka tena. Tukaja kugundua alikuwa ameshaanguka kabla ya mambo ya kuku, zaidi ya mara moja, na kila mara aliinuka akajipangusa na kunyamaza. Akaandikiwa fiziotherapia, mazoezi ya kuufundisha mwili kusimama imara.

Mume wangu ni kifungua mimba, kwa hivyo aliitisha mkutano wa familia kwenye simu. Ndugu zake wa Nairobi walituma vile vikatuni vya mikono ya maombi. Dada yake wa Maua alituma wimbo. Yule aliye ng'ambo alituma sauti ndefu akilia, akisema mama apewe huduma bora kabisa, gharama isiwe kizuizi, kisha akapotea hewani mpaka Krismasi. Baada ya mashauriano hayo mazito ikakubaliwa, kwa kauli moja ya watu wote ambao hawakuwa jikoni kwangu, kwamba mimi ndiye nitakayempeleka. Shule zilikuwa zimefungwa, na inajulikana kwamba mwalimu akiwa likizoni hana kazi yoyote isipokuwa kuzeeka.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika shule ya upili karibu na Kiirua. Nilizaliwa upande wa Embu, ng'ambo ya mto Thuci, nikaolewa Meru, nikazaa na kusomesha hapa hapa. Lakini kwa mama mkwe bado nilikuwa mgeni aliyekawia kuondoka. Chai yangu ni maji ya kunawa. Mukimo wangu, vile viazi vya kuponda na mahindi, ni uji uliokosa adabu. Ananiita "Mwalimu", na jinsi anavyolitamka, mtu asiyejua Kimeru angeweza kudhani ni jina la ugonjwa.

Kulikuwa na jambo moja ambalo sikuwa nimemwambia mtu yeyote. Tangu homa iliyonilaza mwanzoni mwa mwaka, dunia yangu ilikuwa imelegea. Nikigeuza kichwa upesi, ukuta unachelewa kufika. Nikitembea kwenye njia yenye mawe, naona kama ninakanyaga godoro. Darasani nilijifunza kuandika nikiwa nimeegemeza bega ubaoni, na jioni nilirudi nyumbani na nusu ya somo la ngeli kwenye sweta. Siku moja nilimsikia mwanafunzi akimuuliza mwenzake, kwa sauti ya mtu anayeamini walimu hawana masikio, "Huyu leo amekunywa nini?" Mimi, ambaye hata kile kikombe kidogo cha meza ya Bwana huniwasha koo. Nikajiambia ni presha. Sikwenda kupima. Niliamua tu kwamba ni presha, kama watu wazima wanavyofanya.

Chumba cha fiziotherapia kilikuwa mwisho wa korido ndefu, mahali panapofaa sana kwa watu wasioweza kutembea. Ndani kulikuwa na kioo kirefu cha ukutani, mipira mikubwa ya rangi, ngazi fupi ya mbao isiyokwenda popote, na vyuma viwili vilivyosimamishwa sambamba, ambavyo mgonjwa hupita katikati akivishika huku na huku. Mtaalamu alikuwa binti mchangamfu aliyevaa sweta mbili ndani ya vazi lake la kazi. Alitupokea kama wageni wa harusi, akimwita mama Cucu, yaani nyanya.

"Karibu, Cucu! Leo tunaanza kubalansi!"

Hilo "kubalansi", kama ningelipata kwenye insha, ningelizungushia wino mwekundu. Mama mkwe alimtazama kuanzia viatuni hadi kichwani, akaniambia kwa Kimeru, "Muulize kama hii ni hospitali au shule ya chekechea."

Nikatafsiri: "Anasema amefurahi kukuona."

Binti akacheka. "Mwalimu, mimi ni wa Ishiara. Kimeru kinanipita kidogo tu. Cucu, hii ni hospitali. Kule chekechea wanapewa uji, hapa hatuna."

Mama hakuona haya hata kidogo. Alichoshika katika maneno yale yote ni Ishiara, ambako ni upande wetu wa Embu. Akanigeukia taratibu. "Kumbe. Umenileta kwa watu wako."

Binti akaanza kumpima. Aketi, ainuke bila kushika kiti: alijaribu, akarudi chini kwa kishindo, akalaumu kiti. Atembee, ageuke, arudi: kwenda alikwenda, lakini alipofika pa kugeuka alisimama kama gari lililokosa rivasi, akanyoosha mkono kutafuta ukuta. Asimame miguu ikiwa pamoja: alisimama, kwa hasira tupu. Kisha binti akaleta kipande kinene cha sponji, akakiweka sakafuni kati ya vile vyuma, akamwomba apande juu yake.

"Juu ya godoro?" mama akauliza, safari hii kwa Kiswahili. "Na viatu?"

"Bila viatu, Cucu. Nitakushika na mkanda. Hauwezi kuanguka."

"Mwalimu aonyeshe kwanza."

Ningefanya nini? Nimewaambia watoto wa watu kwa miaka mingi kwamba mfano ni bora kuliko maelezo. Nikavua viatu, nikapanda kwenye sponji, nikasimama wima na kutabasamu kwenye kioo kama mtu wa matangazo ya maziwa.

"Vizuri," binti akasema. "Sasa fumba macho, Cucu aone."

Nikafumba. Sikumbuki kuanguka. Nakumbuka kwamba sakafu ilihama, nikainyooshea mkono, na kilichofuata nilikuwa nimekumbatia mpira mkubwa wa kijani, soksi moja nje ya mguu, na binti wa Ishiara amenishika kiunoni kwa nguvu ambazo sikuzitarajia kwa mtu mwembamba hivyo. Halafu nikasikia sauti niliyokuwa sijaisikia tangu kuku. Mama mkwe alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akashika chuma, akafuta machozi kwa kona ya kitambaa chake cha kichwa, akaanza tena.

Binti hakucheka. Alinikalisha, akaniuliza maswali kwa upole: ni tangu lini, kichwa kikigeuka inakuwaje, gizani inakuwaje. Nikamwambia yote. Sikuweza kumdanganya mtu aliyetoka kuniondoa juu ya mpira. Mama mkwe alikuwa ameacha kucheka. Alisikiliza kila neno, mikono ameikunja mapajani, na aliposikia kwamba nimekuwa nikishika kuta tangu mwanzo wa mwaka, akasema kwa Kimeru, kama anayejisemea mwenyewe, "Na mimi nilidhani anajifanya mtu mkubwa."

Nikatumwa kwa daktari wa masikio. Masikio! Mimi nilikuwa nimejiandalia presha. Daktari akanigeuzageuza kichwa, akayatazama macho yangu kama anayesoma maandishi madogo, akasema ile homa iliharibu sehemu ya ndani ya sikio moja. Binti ndiye aliyenifafanulia kwa lugha ninayoielewa. Ndani ya kila sikio, alisema, kuna kitu kama pima maji ya fundi wa ujenzi, kinachoambia ubongo kama umesimama wima au umeinama. Cha kwangu cha upande mmoja kilikuwa kimekufa ganzi, kile kingine kinaendelea kupiga ripoti peke yake, na ubongo unashindwa kujua umwamini nani. Macho ndiyo yaliyokuwa yananishikilia. Nikiyafumba, kwisha.

"Na dawa ni nini?" nikauliza.

"Dawa ni hicho hicho kizunguzungu," akasema kwa furaha. "Unajitia kizunguzungu kidogo kidogo kila siku, mpaka ubongo uzoee."

Hivyo ndivyo elimu ya juu ilivyonifikisha mahali pa kufunga safari kutoka Kiirua hadi Meru mjini ili nifundishwe namna ya kujitia kizunguzungu.

Tukarudi nyumbani wagonjwa wawili badala ya mmoja. Mume wangu aliposikia alikuna kidevu. Ana duka la dawa za mifugo pale sokoni na kwa hiyo hakuna ugonjwa ambao hana maoni juu yake.

"Ng'ombe akizaa akashindwa kusimama," alisema, "tunamtia kalsiamu kwenye mshipa. Hata hujamaliza kufunga sanduku, ameinuka."

"Mimi sijazaa, baba watoto."

"Natoa mfano tu."

"Na mimi?" mama yake akamuuliza kutoka pembeni. "Nimezaa lini mara ya mwisho?"

Mume wangu akakumbuka kwamba ameacha duka wazi.

Mazoezi ya mama yalikuwa kuketi na kuinuka bila mikono, kusimama kwa mguu mmoja kando ya sinki la jikoni, kutembea kisigino mbele ya vidole kufuata ukuta, na kugeuka kwa hatua ndogo ndogo badala ya kujitupa kama anayefukuza kuku. Yangu yalikuwa ya aibu zaidi. Nilibandika karatasi yenye herufi kubwa ukutani, nikawa nasimama mbele yake nikitikisa kichwa huku na huku kama ninayekataa chakula, macho yakiwa yameganda kwenye herufi. Kisha kutembea kwenye veranda nikigeuza shingo kushoto na kulia, majirani wakipita barabarani na viazi vyao, wakinisalimu kwa tahadhari.

"Hiyo K ni ya nini?" mama aliniuliza siku ya kwanza.

"Ya kizunguzungu."

"Aa," akasema, kwa Kiswahili safi ili isinipite. "Nilidhani ni ya kiburi."

Siku za mwanzo nilitapika. Wiki za mwanzo niliichukia herufi ile kuliko nilivyowahi kumchukia mwanadamu. Mama naye alisimama kwa mguu mmoja akishika sinki kwa mikono miwili, akidai kwamba ameishi miaka yote hiyo kwa miguu miwili na hakuna aliyelalamika. Alikuwa hodari wa visingizio. Goti linauma. Sakafu ni baridi. Leo ni Jumapili. Kilichomwamsha hakikuwa ushauri wa binti wala maombi ya Nairobi. Kilichomwamsha ni kuniona mimi nimesimama kwa mguu mmoja bila kushika kitu.

Kuanzia hapo yakawa mashindano. Hatukutumia saa. Mama alipima kwa nyimbo za kanisa. Alianza kwa kudondoka kabla ya mstari wa kwanza kuisha, akafika mwisho wa ubeti, akafika kwenye kiitikio. Mimi nilipofika kiitikio, akasema nimeimba haraka. Nikaimba upya, polepole, akasema sasa nimeruka maneno. Jioni mume wangu alikuwa akiingia jikoni na kuwakuta mama yake na mkewe wamesimama kwa mguu mmoja mmoja mbele ya sinki kama korongo, wakiimba kwa sauti za kukasirikiana, na sufuria inaungua.

Habari zilienea, na akina mama wa kanisa wakaja kututembelea. Walikuja na mikate, sukari, na uchunguzi wao wenyewe. Mmoja alisema ni damu kupungua, ninywe supu ya miguu ya mbuzi. Mwingine alimjua mzee fulani huko kwao Igembe ambaye hutibu kizunguzungu kwa majani, na hata hahitaji kumwona mgonjwa, unatuma nguo yake tu. Wa tatu alitikisa kichwa, akasema kwa sauti ya chini ambayo ilisikika hadi zizini:

"Wanawake wawili, nyumba moja, mwaka mmoja. Hiyo si kawaida. Kuna mtu amewaonea kijicho."

Na akanitazama mimi, mtu wa ng'ambo ya Thuci, kana kwamba nilikuja na hicho kijicho kwenye begi la harusi.

Nilikuwa nikitafuta jibu lenye adabu. Mama mkwe hakutafuta adabu.

"Kijicho cha nini?" akasema. "Wivu wa kuanguka? Huyu ana shida ya sikio. Ndani ya sikio kuna pima maji, kama ile ya fundi. Yake moja imeharibika. Mimi nina miguu iliyolala kwa sababu ya kukaa. Leteni chai."

Chai nilileta mimi. Hakuna aliyesema ni maji. Nilisimama mlangoni na trei mkononi, nikiwa sijui niuelekeze wapi uso wangu, kwa sababu katika miaka yote ya ndoa yangu hiyo ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akinitetea mbele ya watu. Wageni walipoondoka nikataka kumshukuru. Akaniwahi: "Ile mikate waliyoleta ni ya jana."

Kule kliniki binti alizidi kutupandisha darasa. Siku moja alitandika mkeka sakafuni, akasema leo tunajifunza kuinuka kutoka chini. Mtu akianguka, alieleza, mara nyingi hasumbuliwi na kuanguka kwenyewe bali na kulala pale akisubiri watu. Ujigeuze ubavu, upande magoti, utafute kitu cha kushika, utangulize mguu wenye nguvu, ujisukume. Mama alikataa katakata. Yeye si mtoto wa kutambaa mbele za watu. Akaketi kwenye kiti na mkoba wake mapajani, akaniashiria kwa kidevu. Mimi nikalala mkekani, nikajigeuza, nikatambaa, nikainuka, huku mkwe wangu akiangalia kama mtu aliyelipia kiingilio.

Mvua zikaja. Huku kwetu ikinyesha, ule udongo mwekundu hugeuka sabuni, na miteremko inayotulisha wakati wa jua hutaka kutuua. Tulikubaliana wazi kwamba mama asishuke kwenye nduma zake kule bondeni kando ya kijito mpaka kukauke. Nasema tulikubaliana, yaani mimi nilisema na yeye alinyamaza.

Asubuhi moja nilirudi kutoka kukamua nikakuta kiti chake kitupu. Nikaita nyumba nzima. Nikatazama chooni, zizini, nyuma ya tangi. Viatu vyake vya mpira havikuwapo. Mume wangu alikuwa ameshakwenda dukani, na simu yake, kama kawaida, ilikuwa inahubiri kwamba mteja hapatikani.

Nilisimama juu ya ule mteremko. Kule ndiko nilikokuwa sijathubutu kufika tangu homa: njia nyembamba, tope, mawe, kila hatua na kimo chake. Nikachagua mti mmoja ng'ambo ya kijito, nikaukazia macho, nikaanza kushuka. Mahali pengine nilishuka kwa makalio. Nasema hivyo bila aibu, kwa kuwa aliyeniona alikuwa ndama.

Nilimkuta chini, amesimama, amekumbatia nguzo ya ua kwa mikono miwili. Hakuwa ameanguka. Nduma moja ilikuwa imeng'olewa, imelala miguuni pake. Alikuwa ameshuka vizuri kabisa, akang'oa, akageuka, akaona mlima aliotakiwa kuupanda, na mwili ukakataa.

"Umechelewa," akaniambia.

"Umekaa hapa tangu saa ngapi, Mami?"

"Nimekaa? Unaniona nimekaa?"

Nikamwambia ashike mkono wangu. Akauliza ni nani kati yetu atakayemshika mwenzake. Lilikuwa swali zuri. Tukaanza kupanda, yeye amenishika kiwiko, mimi nimeshika majani ya napia, nduma iko ndani ya sweta yangu kwa sababu alikataa kuiacha. Tukagombana njia nzima. Akasema napiga hatua ndefu. Nikasema yeye ananivuta. Nitazame mbele. Nimetazama mbele, wewe tazama chini. Tulikuwa tumepita nusu ya njia pale mguu wake ulipoteleza, akanivuta, nami nikaenda naye bila ubishi. Tukakaa chini kwenye tope, wote wawili, kwa pamoja, kama waliopangiwa.

Hakuna aliyeumia. Nilimuuliza mkono, akautikisa. Nikangoja anilaumu. Hakunilaumu. Alitazama bondeni, mvua nyepesi ikimwangukia usoni.

"Mimi naogopa," akasema.

Sikuwahi kulisikia neno hilo kinywani mwake.

"Tangu ile siku ya mkono naogopa hata kwenda choo. Nikikaa kwenye kile kiti mnasema nimezeeka, nimekuwa mvivu. Si uvivu. Nikisimama naona chini panakuja."

"Mimi naogopa ubao," nikamwambia. "Kule shuleni. Nikigeuka kuwatazama watoto naona nitaanguka mbele yao. Shule zikifunguliwa sijui nitafanyaje."

Akanitazama vizuri, tope kwenye nyusi. "Watoto wa siku hizi," akasema, "wangeanguka wao kwa kicheko." Na alipoona uso wangu, akaongeza kwa sauti nyingine, "Basi usigeuke upesi. Geuka pole pole. Na wasubiri. Wana haraka ya kwenda wapi?"

Ilibidi tuinuke. Yeye hakuwa amejifunza. Nikamwelekeza pale pale topeni, neno kwa neno, ubavu, magoti, mguu huu mbele, na hakukuwa na kitu cha kushika isipokuwa bega langu. Alitambaa. Alitambaa huku akinung'unika kwamba nikimwambia mtu atanilaani mbele ya mchungaji. Aliposimama alisimama kabisa, miguu imepanuka, akiyumba na kurudi, akiyumba na kurudi, bila kunishika. Kisha akanipa mkono wake mzima, ule ambao haukuvunjika, akanivuta mimi.

Jioni mume wangu aliona tope kwenye veranda akauliza kulikoni. "Ndama ametoroka," mama yake akamjibu, akaendelea kumenya nduma.

Mama ndiye aliyehitimu kwanza. Binti alimpima siku ile akafurahi hadi akaruka, na mama akapokea pongezi kama mtu aliyejua tangu mwanzo. Alipewa mkongojo wa kutembelea nje, ambao kazi yake kubwa ni kuonyeshea watu makosa yao. Mimi niliambiwa bado. Ubongo wangu, inaonekana, hujifunza polepole kuliko miguu ya mwanamke aliyenizidi umri kiasi cha kuwa mama yangu. Tuliendelea kwenda Meru pamoja, yeye akidai anakuja kunisimamia. Alikuwa akiketi kando ya kioo na kumwambia binti kwa Kimeru kwamba nimekunja goti, nimefumbua jicho, niambiwe nirudie.

Shule zilipofunguliwa nilirudi darasani. Siku ya kwanza niligeuka kutoka ubaoni polepole, kama anayemgeuza mtoto aliyelala, na darasa zima lilikuwapo, halikusogea. Sikuanguka. Bado zipo siku mbaya, hasa nikikosa usingizi, na gizani sitembei bila tochi. Kwenye njia ya mawe bado nachagua kitu cha kutazama. Lakini somo la ngeli sasa linabaki ubaoni.

Majuzi akina mama wa kanisa walituomba, sisi wawili, tuwafundishe jinsi ya kujikinga na kuanguka. Nikajiandaa kama mwalimu: nikachora picha ya sikio, nikapanga hoja, nikaazima kipaza sauti. Nilikuwa nimefika kwenye "Mabibi, habari za mchana" pale mama mkwe alipokichukua kipaza sauti mkononi mwangu. Akawaeleza pima maji. Akawaeleza miguu inayolala. Akasimama kwa mguu mmoja mbele ya madhabahu akaimba ubeti mzima na kiitikio chake, na kanisa likalipuka kwa vigelegele. Kisha akanielekezea mkongojo.

"Na huyu," akasema, "huyu hakuweza hata kusimama kwenye godoro. Nimemfundisha mimi."

Yule mama wa kijicho alinigeukia akaniambia nimebahatika kupata mkwe kama huyo. Nikamwambia ni kweli. Nikakaa chini, nikaikunja picha yangu ya sikio, nikapiga makofi pamoja na wengine.